Kabla ya Tuhuma, Kipimo



Mimi ni fundi wa umeme. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikipanda na kushuka kati ya Masasi na Newala, mkobani mwangu mkiwa na koleo, bisibisi na kipimo kimoja kisichozidi ukubwa wa kiganja, kiitwacho maltimita. Katika muda huo nimeona jambo ambalo sikulisoma katika kitabu chochote cha ufundi: hitilafu ya waya huanza kuonekana katika nyuso za watu wa nyumba kabla haijaonekana ukutani. Uniti za LUKU zikiisha upesi, mume humtazama mke, mwenye nyumba humtazama mpangaji, na mkaza mwana hutazamwa na wote. Msumari uliojificha ndani ya plasta hautazamwi na mtu.

Nataka kueleza namna hitilafu kama hiyo inavyotafutwa, hatua kwa hatua. Naamini kwamba familia ikiufahamu utaratibu wa kutafuta, itakuwa nzito kutuhumu.

Katika nyumba za kawaida za uwanda wa Makonde, umeme bado ni mgeni. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na ndio uliozifikisha nguzo katika vijiji vyetu vingi. Ada ya kuunganishwa ya Sh. 27,000 ikawafanya hata wazee waliozoea kibatari wajiandikishe. Gesi asilia ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, ndiyo iliyozungusha mitambo ya Mtwara na kutuletea taa. Korosho nazo zina sehemu yake. Msimu ukiwa mzuri na mnada ukatoa bei, nyumba isiyokuwa na kitu hupata jokofu, pasi na televisheni katika wiki moja. Vifaa huingia kwa haraka. Elimu ya kuishi navyo huja nyuma kwa mwendo wa kobe.

Sasa kuhusu hiki kipimo. Maltimita hupima mambo makuu matatu. Sisi wa uwandani tumelelewa na shida ya maji, kwa hiyo mfano wa bomba utatufaa. Volti ni msukumo unaoyasukuma maji. Ampia ni wingi wa maji yanayopita. Omu ni ule ubanifu wa bomba unaoyazuia. Waya mzima uliounganishwa vizuri huwa na omu chache sana. Nyaya mbili ambazo hazikukusudiwa kugusana zinapaswa kuwa na omu nyingi mno kati yake, kiasi kwamba maltimita huandika alama ya kushindwa kuhesabu.

Zamani mafundi walibeba kipimo kimoja kwa kila jambo. Mhandisi wa Posta ya Uingereza, Donald Macadie, alichoshwa na mzigo huo akabuni chombo kimoja chenye kazi zote. Kiliingia sokoni mwaka 1923 kwa jina la Avometer, herufi zake tatu za mwanzo zikisimama kwa ampia, volti na omu. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na kimoja cha namna hiyo, kizito kama tofali na chenye mshale, na hakukubali nikiguse mpaka niikariri kanuni yake: kabla ya kukiuliza kipimo habari ya waya usioujua, kiulize kwanza habari ya waya unaoujua. Pima mahali penye umeme wa hakika, uone kama kinasema kweli. Kisha pima pale unapotaka kufanyia kazi. Kisha rudi tena pale pa mwanzo, uhakikishe kwamba hakikufa katikati ya kazi. Fundi aliyeipuuza hatua ya tatu anaweza kusoma sifuri kwa sababu waya wa kipimo umekatika, akaushika umeme akidhani haupo.

Mwalimu wangu alisema kwamba shahidi naye huulizwa kabla ya kusikilizwa. Maneno hayo niliyakumbuka sana katika nyumba moja ya Makote ambayo nimepata idhini ya wenyewe kuisimulia, kwa sharti la kutotaja majina.

Kijana mmoja anayefanya biashara ya vipuri vya pikipiki mjini Masasi alinipigia simu. Alisema, "Fundi, nakuomba ufike nyumbani kwa mama, Makote, ukaiondoe soketi ya jokofu. Mama ameamua." Nilimuuliza kama soketi imeungua. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba uniti zinaisha ovyo, na kwamba mkewe ana biashara ya barafu.

Nilifika baada ya sala ya Adhuhuri. Nikabisha hodi, nikamwamkia mama mwenye nyumba, naye akaniitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu." Mkaza mwana akaja kunisalimu huku ameinamisha kichwa, kisha akarudi uani. Mlangoni mwa chumba chake niliona begi la safari limefungwa. Katika mazungumzo nilipata habari kamili. Nyumba hiyo ilikuwa na taa sita, televisheni moja na jokofu dogo lililonunuliwa kwa fedha za korosho. Kwa mwaka mzima hawakuzidisha uniti 75 kwa mwezi, kiwango ambacho wateja wadogo wa majumbani huuziwa kwa bei nafuu. Kisha katika miezi miwili mambo yakageuka. Uniti zilizokuwa zikitosha mwezi zikawa haziwezi kumaliza siku kumi, na kwa kuwa kiwango kile kilivukwa, hata bei ya kila uniti ikapanda.

Mkaza mwana alikuwa akigandisha barafu za ubuyu na kuwauzia watoto wa madrasa. Tuhuma ikamwangukia. Aliambiwa kwamba anajitajirisha kwa fedha za mama mkwe. Akaiacha biashara, lakini uniti zikaendelea kukimbia. Ikasemwa kwamba anafanya usiku. Wako majirani waliosema kuwa nyumba ina husda. Mwishoni wakaitwa wajomba wa binti. Katika desturi za Wamakonde, kama mjuavyo, mjomba ndiye msemaji wa dada zake na watoto wao, na wajomba wakiitwa kwa jambo la namna hiyo, ndoa imefika ukingoni. Walitarajiwa siku ya Jumapili. Mimi nilifika siku ya Alhamisi, na kazi niliyopewa ilikuwa kuondoa soketi.

Nilimwomba mama ruhusa ya kulitazama jokofu kwanza. Akamwita mkaza mwana alifungue, na hapo nikaona jambo dogo. Yule binti alijizungushia upindo wa kanga mkononi kabla ya kugusa mlango. Nikamuuliza sababu. Akajibu kwa sauti ya chini, "Linanipiga shoti, baba. Zaidi asubuhi, nikiwa nimetoka kupiga deki."

"Anatafuta pa kutokea, mwanangu," alisema mama. "Mimi naligusa kila siku na halijanifanya kitu."

Nilitazama miguu yao. Mama alikuwa amevaa ndala za mpira. Binti alikuwa miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji. Sikusema neno, kwa sababu miguu ni dalili tu, na dalili haijatosha kuwa ushahidi. Nikatoa maltimita mkobani.

Hatua ya kwanza haikuhitaji hata maltimita. Tulizima taa zote na kuchomoa kila kitu kwenye soketi, jokofu likiwamo. Kisha nikamwita mama tusimame wote mbele ya mita ya LUKU. Mita hizo zina kitaa chekundu kinachomweta kila umeme unapotumika, na juu ya ile imeandikwa kwamba mimweto 1,000 ni uniti moja. Nyumba ambayo kila kitu chake kimezimwa haipaswi kumweta. Tukangoja. Baada ya sekunde 14 kikamweta. Baada ya sekunde 14 nyingine, tena. Mama akageuka kumtazama mkaza mwana, lakini binti alikuwa amesimama karibu yetu, mikono mitupu.

Hesabu yake ni nyepesi. Mmweto mmoja kila sekunde 14 ni takriban mimweto 257 kwa saa, yaani robo ya uniti kwa saa. Kwa siku ni uniti sita na zaidi. Kwa mwezi wa siku 30 zinavuka 180. Nyumba ilikuwa ikinunua umeme wa kumimina, mchana na usiku, na hakuna mtu aliyeutumia.

Nikazima breka moja baada ya nyingine. Nilipozima breka ya taa, kitaa kiliendelea. Nilipozima breka ya soketi, tulihesabu mpaka sekunde 60 na hakikumweta tena. Kwa hatua hiyo moja tukajua kwamba taa hazihusiki, na kwamba tatizo limo katika nyaya za soketi.

Nikairudisha breka ili nipime volti. Katika soketi kuna nyaya tatu: waya wa moto unaoleta umeme, waya wa nyutro unaourudisha, na waya wa ardhini ambao ni mlinzi. Huu wa tatu huunganisha mwili wa chuma wa jokofu na fimbo ya shaba iliyofukiwa nje ya nyumba, ili umeme ukivuja ukimbilie udongoni na usimpate mtu. Nyumba ikiwa salama, kati ya moto na nyutro utasoma volti 230 au pungufu kidogo. Kati ya moto na ardhi karibu hizo hizo. Na kati ya nyutro na ardhi karibu na sifuri. Mimi nilisoma 228 kati ya moto na nyutro, na hapo hapakuwa na kosa. Kati ya moto na ardhi nikasoma 4. Kati ya nyutro na ardhi nikasoma 224.

Maana yake ni kwamba waya wa mlinzi ulikuwa umeunganika na waya wa moto. Jokofu likichomekwa, mwili wake wote unakuwa na volti 224, nao ndio mwili anaoushika mtu aliyetoka kupiga deki, miguu mitupu, sakafu ikiwa bado na maji.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini breka haikukatika? Hapa ndipo udongo wetu unapoingia. Uwanda wa Makonde una mchanga unaoyameza maji ya mvua yakaenda chini sana. Ndiyo maana visima vyetu ni vya shida na bibi zetu walishuka mabondeni kufuata maji. Fimbo ya ardhini iliyopigiliwa katika mchanga mkavu haishikani vizuri na udongo. Kwa hesabu ya volti na mimweto, fimbo ya nyumba ile ilikuwa na ubanifu wa takriban omu 200. Volti 224 zikisukumwa kupitia omu 200 hutoa ampia moja na kidogo. Breka ya soketi imewekwa kuvumilia ampia 32, kwa hiyo haikuona lolote la kuifanya ikatike. Umeme ukawa unavuja polepole, mdogo kwa breka, mkubwa kwa mfuko wa mama, na wa kutosha kabisa kumuua mtu aliyelowa maji.

Kilichobaki kilikuwa kupatafuta mahali. Nilizima swichi kuu, nikapima kwa ile kanuni ya hatua tatu kuhakikisha kwamba hakuna umeme, nikazitoa nyaya za soketi kwenye breka, na kwenye vituo vya nyutro na ardhi. Ndipo nikaizungusha maltimita kwenye omu. Nasisitiza mpangilio huu: omu hazipimwi kwenye waya wenye umeme, kwa kuwa kipimo huharibika na aliyekishika anaweza kuungua.

Kati ya waya wa moto na waya wa ardhini, mahali ambapo maltimita ilipaswa kushindwa kuhesabu, nilisoma omu 4. Nyumba ilikuwa na soketi saba. Fundi asiye na utaratibu angezifungua zote na kubomoa ukuta. Njia nyepesi ni kugawa nusu kwa nusu. Nilifungua soketi ya nne, nikazitenganisha nyaya zinazokuja na zinazoendelea, nikapima pande zote mbili. Upande unaotoka kwenye breka ulikuwa safi. Upande unaoendelea ulikuwa na zile omu 4. Kwa kipimo hicho kimoja nusu ya nyumba ikatoka katika shaka. Nikaenda soketi ya sita, nikatenganisha tena. Nyaya zinazokwenda mbele ziko safi, za nyuma zina hitilafu. Ilibaki sehemu kati ya soketi ya nne na ya sita, na katikati yake ni ile ya jokofu, ukumbini.

Bomba lenye nyaya za soketi hiyo lilishuka kutoka darini wima ndani ya ukuta. Juu ya soketi, usawa wa macho ya mtu mzima, ilining'inia kalenda ya mwaka wa Hijria yenye nyakati za sala. Nikaishusha kwa adabu. Nyuma yake palikuwa na msumari mnene wa zege. Nikaweka ncha moja ya maltimita kwenye msumari na nyingine kwenye waya wa moto, ikasoma omu chache. Nikaihamishia ya pili kwenye waya wa ardhini, ikasoma vilevile. Msumari ulikuwa umetoboa bomba ukazishika nyaya zote mbili. Nilipouvuta nikapima upya, maltimita ikashindwa kuhesabu, kama inavyotakiwa.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka akinitazama. Alisema taratibu, "Msumari huo nilimwambia mjukuu wangu aupigilie mimi mwenyewe. Mwezi wa Muharram." Hakuna aliyesema neno. Nami sikuona kuwa ni mahali pangu kumkumbusha kwamba uniti zilianza kukimbia mwezi huo huo, alikuwa ameshaihesabu.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Hakuuliza habari ya fedha. Alisema, "Kwa hiyo huyu mtoto alikuwa anapigwa shoti kweli?"

Nikamjibu, "Kweli, mama. Na kama siku moja angeteleza akalishika kwa mikono miwili, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mwanawe alifika jioni kutoka Masasi, akanikuta natoa nyaya zilizochubuka na kupitisha mpya. Alinishikia ngazi. Waya mpya wa moto ulikuwa bado haujafungwa upande wowote, umelala darini sambamba na nyaya za taa zenye umeme, nami nikampa maltimita aone. Ikasoma volti 68. Alishtuka: "Fundi, bado upo!" Nikamwambia atulie. Maltimita za kisasa hunywa umeme kidogo mno, kiasi kwamba waya usio na kitu, ukilala jirani na waya wenye umeme, huambukizwa kivuli cha volti, na kipimo hukiandika kivuli hicho kama kitu kamili. Nikachukua taa ndogo ya majaribio, nikaigusisha kwenye waya ule ule huku maltimita ikiwa bado imeshikishwa. Taa haikuwaka, na zile 68 zikaanguka hadi sifuri. Kivuli hakina nguvu ya kuwasha taa. Yule kijana aliitazama ile taa kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alikuwa amehesabu uniti kwa miezi miwili, tena kwa daftari. Nadhani wakati ule alikuwa anakumbuka kwamba hakuwahi kumuuliza mkewe kwa nini anashika jokofu kwa kanga.

Kazi haikuishia hapo, maana maltimita ina mipaka yake. Hupima kwa betri ndogo, na ganda la waya lililochoka linaweza kuonekana zima kwa betri ndogo likashindwa mbele ya volti 230. Kwa hiyo siku ya pili nilishuka Masasi kwa fundi mwenzangu kuazima kipimo cha maganda ya nyaya kinachosukuma volti 500. Nyaya zikapita kipimo. Tuliongeza fimbo ya pili ya ardhini karibu na yanapomwagika maji ya kuoga, ambapo udongo haukauki. Zaidi ya hayo, tukafunga kile kifaa ambacho nyumba ile haikuwa nacho tangu mwanzo: kikata-umeme cha mvujo, ambacho mafundi hukiita RCCB. Hiki hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika ampia 0.03 hukata mara moja. Kingekuwapo Muharram, umeme ungekatika pale pale msumari ulipoingia, na mjukuu angeulizwa amepigilia nini.

Jumapili wajomba walikuja. Mama hakukubali kikao kivunjwe. Alisema, "Waje, ila safari hii msemaji ni mimi." Sikuwapo, lakini niliambiwa kwamba alimwomba radhi mkaza mwana wake mbele ya wajomba zake, kwa sababu tuhuma ilifika masikioni mwao na hakutaka ibaki huko. Fedha za uniti hazikurudi. Biashara ya barafu ilirudi, na daftari la uniti sasa liko mikononi mwa binti.

Ndugu wasomaji, dini yetu imetuonya dhidi ya dhana mbaya, na imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu kwayo. Ndani ya nyumba zetu za leo, sehemu ya utekelezaji wa amri hiyo ni ya kiufundi kabisa. Kwa hiyo nawausieni haya, ambayo hayahitaji kufungua soketi wala kumiliki maltimita.

Uniti zikiisha kuliko kawaida, zimeni taa zote, chomoeni kila kitu, mtazame kitaa cha mita ya LUKU kwa dakika kadhaa. Kikimweta, zimeni breka moja moja mpaka kitulie. Fundi akija mtakuwa mmemfanyia nusu ya kazi. Kisipomweta, nyaya zenu hazivuji, na hapo mnaweza kuzungumza kwa upole kuhusu matumizi.

Mtu yeyote wa nyumbani akisema kwamba jokofu, bomba au pasi inampiga shoti, mwaminini. Zimeni swichi kuu na kumwita fundi mwenye leseni ya EWURA siku hiyo hiyo. Msilijaribu jambo hilo kwa mkono, wala msimwambie mtoto avae ndala na kuendelea.

Msipigilie msumari juu, chini wala usawa wa soketi au swichi yoyote, kwa kuwa huko ndiko nyaya zinakopita. Kalenda ina kuta nyingine.

Kikata-umeme cha mvujo kina kitufe cha majaribio. Kibonyezeni mara moja kila mwezi. Kikikataa kukata, hakiwalindi tena. Wasimamizi wa misikiti walizingatie hili zaidi, kwa kuwa mahali petu pa kutawadhia pana maji, miguu mitupu, na mara nyingi pampu ya umeme karibu.

Na kwa vijana wanaonunua maltimita sokoni na kuanza kujifunza: nunueni yenye alama ya CAT III, tazameni kama maganda ya nyaya zake hayajapasuka, na msichomeke ncha zake kwenye soketi wakati kitufe chake kiko kwenye ampia au omu. Jifunzeni kwa fundi aliyehitimu, pembeni yake, kabla ya kugusa nyumba ya mtu.

Allah azihifadhi nyumba zetu na walio ndani yake. Wassalaam alaykum.